Kwadi Iliyojua Kushoto Tu

Mume wangu Valéry alipokatwa mguu, mtaa wetu wote wa Nyakabiga, hapa Bujumbura, ulikuja kunipa pole kwa ajili ya mguu. Hakuna aliyenipa pole kwa ajili ya mdomo wake, na msiba wangu mimi ulikuwa mdomo.

Kabla ya hapo tulikuwa tunagombana tangu chai ya asubuhi. Tuligombania chumvi ya maharage, jina la mtoto, njia ipi ni fupi kwenda sokoni. Siku ya kwanza tulipokutana, mimi mkimbizi mgeni kutoka Bukavu na yeye dereva wa lori, alinikuta nimeinama nakaza mnyororo wa pikipiki ya watu, akasema nimeukaza mno. Nikamjibu kwamba baba yangu, mzee Byamungu, ana gereji Bukavu, nimekulia chini ya magari, na mnyororo sifundishwi na mtu mwenye kucha safi. Tulibishana mpaka jua likaangukia upande wa Kongo. Baada ya miezi michache akaleta wazee wake na bia ya kuniposa. Mwanamume mwingine angetafuta mke mpole. Yeye alinitafuta mimi, na nilimpenda kwa hilo.

Kisha lori lake likakanyaga bomu kwenye barabara ya juu ya Kanyosha, kusini mwa mji. Mguu wa kushoto ukaenda, chini ya goti. Alipona, akapewa mguu wa bandia na mkongojo, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo neno lake likawa moja tu: "Sawa, Mama Dévote. Vile unataka." Nilitia chumvi nyingi kwenye maharage makusudi, akala akamaliza. Nikapaka sebule rangi ya kijani inayoumiza macho; akasema ni nzuri. Majirani wakanisifu kwamba nimejaliwa mume mtulivu. Wao walisikia utulivu. Mimi nilikuwa nalala na mtu ambaye hakujali tena kama kuna chumvi au hakuna, na niliogopa kuzeeka hivyo.

Kiangazi cha mwaka 2004, mjini vita vilikuwa vimepoa kidogo, ingawa kwenye vilima vya kusini mizinga ilikuwa bado inasikika. Ndipo Sylvère, mkuu wa chama cha mashindano ya pikipiki, mzee mnene anayevaa filimbi shingoni hata kanisani, akatangaza kwamba chama kinafufuka. Mashindano ya kwanza yangekuwa ya kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne, kwenye uwanja tambarare wa Kanyosha. Ni duara refu la udongo mtupu lenye mistari miwili minyoofu, hakuna kilima wala shimo. Mnazunguka raundi kumi na wa kwanza ndiye wa kwanza. Valéry aliwahi kuwa bingwa wa chama hicho kabla ya vita kuanza mwaka 1993. Picha yake ilikuwa bado inaning'inia sebuleni, juu ya ile rangi ya kijani.

Kwadi nilikuwa nayo, au tuseme nilikuwa na maiti yake. Shirika moja la misaada lilipofunga kazi liliitelekeza kwenye ua wa jirani yangu Adélaïde, na kuku wake walikuwa wanataga kwenye kiti. Aliniomba niiondoe, ila niwaachie kuku kiti chao. Injini niliifufua. Siku ilipowaka na kunguruma, nilimwita mume wangu uani.

"Papa Dévote," nikamwambia, "we ndiye utaikimbiza kule Kanyosha."

Akaitazama kwadi, akautazama mguu wake, akanitazama mimi. "Sawa. Vile unataka."

Nilitaka aniambie nina wazimu. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, majibu yote yako tayari mdomoni, nikayameza. Basi, nikasema, kama hatagombana na mimi, labda atagombana na uwanja.

Sasa sikiliza. Kwadi ya kubebea magunia ya unga haiwezi kushinda kwenye tambarare ikiwa vile ilivyo. Iko juu, iko laini, iko nyembamba. Ukiiingiza kwenye kona kwa kasi, inanyanyua magurudumu ya ndani na kukulaza chini kifudifudi. Kazi yote ya fundi ni kuifanya iwe fupi, pana na ngumu. Nikafungua vyuma vya kubebea mizigo, vya mbele na vya nyuma, nikabakiza matundu yake tu kwenye fremu. Taa, vizuia matope, vyote chini. Nikatoboa matundu mapya ya kushikia springi, kwadi ikalala mpaka tumbo likakaribia udongo. Fundi wa mashine ya kuchonga chuma alinitengenezea vipande vya duara, nikavipachika kati ya ekseli na magurudumu, kila upande ukatoka nje vidole vinne. Tairi zilikuwa na meno marefu ya kutembelea matope. Nilikaa nazo kibarazani na kisu kikali nikapunguza jino moja moja, kwa sababu kwenye udongo mkavu jino refu linang'ang'ania ardhi, na wewe unataka tairi iteleze kwa adabu.

Kisha nikaifundisha kukata kushoto. Mashindano ya Bujumbura yalizungukia kushoto tangu enzi na enzi. Hata Valéry kwenye ile picha amelalia kushoto. Kwenye kwadi, magurudumu ya nyuma yako kwenye ekseli moja, yanazunguka pamoja. Ukiweka tairi kubwa kulia na dogo kushoto, lile kubwa linakwenda mbali zaidi kila mzunguko, na kwadi yenyewe inataka kugeukia kushoto kabla hujaiambia. Nilipima tairi kwa futi ya fundi cherehani mpaka nikapata mbili zilizopishana ninavyotaka. Springi za kulia nikazikaza kuliko za kushoto, maana kwenye kona uzito wote hukimbilia nje.

Na kushoto kulimfaa mume wangu pia. Ukikata kushoto, mguu unaofanya kazi ni wa nje, wa kulia. Huo ndio unakandamiza na kukuzuia usitupwe. Mguu wake wa kulia ulikuwa mzima, nao una nguvu. Ule wa bandia ungekaa upande wa ndani, hauna la kufanya. Gia, ambayo hubadilishwa kwa mguu wa kushoto, niliichomelea fimbo ya chuma iliyopanda mpaka mkononi. Nilijiona nimemaliza kila kitu, na nilijisifu mbele ya Adélaïde na kuku wake.

Tulijaribu kwadi kwenye kiwanja kitupu cha mtaa wa Mutanga Sud. Iligeuka vizuri mno. Lakini Valéry aliendesha kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Nilimpigia kelele aongeze moto. Akaongeza kidogo, kwa heshima. Nilimuuliza kama springi ni ngumu mno. "Sawa tu," akasema. Nilimuuliza kama anataka usukani upande. "Vile unataka." Nikaenda nyuma ya ukuta nikalia kwa hasira, nikajifuta, nikarudi.

Siku ya mashindano Kanyosha ilijaa. Wachoma mishikaki walifika kabla ya kwadi. Kwaya ya parokia ilikuja na ngoma bila kualikwa. Kwadi zilikuwa sita, na tano kati yake ziling'aa, mpya, ndefu, za kuchezea ufukweni siku ya Jumapili. Iliyong'aa kuliko zote ilikuwa ya Loïc wa Mutanga Sud, kijana wa mfanyabiashara, mwenye miwani ya gharama na tabasamu la mtu ambaye hajawahi kusukuma gari. Aliitazama kwadi yetu iliyolala chini.

"Mama, iyi yenu ilikanyagwa na camion ya mizigo?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Na we utakanyagwa nayo."

Akacheka. Hakuwa kijana mbaya.

Mashine zilikuwa tayari zimepangwa mstarini Sylvère alipokuja na ajida mmoja wa jeshi, mkuu wa askari wa hapo. Mwisho wa mstari mnyoofu wa mashariki, kwenye kona ya kaskazini, kulikuwa na kituo cha askari: magunia ya mchanga, bendera, na bunduki kubwa iliyotazama uwanjani. Sylvère akapuliza filimbi.

"Batu yangu, musikilize! Chef anasema hakuna machine itakimbia kuelekea position yake. Mukizunguka kushoto, munatoka mu virage, mu kona, na munaenda na moto wote moja kwa moja kwa basoda, kwa askari yake. Ataangalia namna gani kama iko course ya pikipiki ao ni attaque? Basi leo tutazungukia mukono ya kuume. Munapita karibu na position polepole, mukigeuka, mugongo kwao. Ni ivyo."

Kulia! Kila dereva wa Bujumbura anajua kwamba kituo cha askari hakiendewi mbio. Unapunguza mwendo, unawasha taa ya ndani, unavua kofia, unacheka hata kama huna cha kuchekea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekuja kuupima uwanja huo, nikawasalimia wale askari kwa majina ya watoto wao, nikahesabu hatua za kona mgongo wangu ukiwa kwenye bunduki yao, na sikufikiri. Kichwa changu kilijaa tairi tu. Kwadi za wenzetu zilikuwa hazijui kushoto wala kulia, kwao ilikuwa mamoja. Yetu ilijua kushoto tu.

Sylvère alitoa nusu saa ya kujiandaa. Magurudumu ningeweza kuyahamisha. Springi pia. Lakini mguu je? Ukikata kulia, mguu wa nje ni wa kushoto. Huo ndio wa kukandamiza, na chini ya goti lake la kushoto palikuwa na mti na kamba za ngozi. Kwenye kona ya kwanza angetupwa nje, na wenzake watano wakija nyuma yake kwenye vumbi. Niliona jambo hilo lote, na kwa mara ya kwanza tangu nianze wazimu ule niliogopa kweli kweli.

"Papa Dévote," nikasema, "tufunge. Turudi ku nyumba."

Alikuwa ameketi kwenye kwadi, kofia ngumu mapajani. Alikuwa anaitazama kona ya kaskazini, macho yameminywa.

"Apana," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unasema?"

"Minasema apana. Mi siende. We geuza iyo magurudumu."

"Na mguu? Utakandamiza na nini? Na maombi?"

"Na paja! Paja iko yangu, ao nayo walikata?" Sauti yake ilipanda, watu wakageuka. "Weka kitu hapa inje, juu ya goti, kitu ya kuegemea. Nikitupwa kushoto, paja inagonga, inanizuia. We ni fundi ao ni mutu wa kuuza nyanya?"

"Kitu gani, Valéry? Hapa hakuna chuma, hakuna courant ya umeme ya kuchomelea, hakuna..."

Akachomoa mkongojo uliokuwa umefungwa nyuma ya kiti, akanisukumia kifuani. "Kata iyi."

"Na utatembea na nini?"

"Nitatembea kesho! Kata!"

Nilikata. Nilitaka kumbusu na kumpiga kofi kwa wakati mmoja, lakini muda haukutosha. Kichwa cha mkongojo, kile kinachokaa kwapani, kilikuwa tayari kimepinda na kuvishwa sponji na ngozi. Hata ningekaa mwezi mzima nisingechonga kitu cha kulishika paja vizuri hivyo. Yale matundu ya vyuma vya mizigo niliyoyabakiza kwenye fremu yalinipa pa kupitishia bolti. Nikafunga bolti mbili, nikazungushia waya, nikazungushia mpira wa tyubu juu ya waya, nikavuta kwa meno.

"Chini kidogo," akasema Valéry.

"Iko sawa hapo."

"Haiko sawa, minasema chini! Paja ni yako ao ni yangu?"

Nikashusha. Loïc alikuja akatuinulia kwadi kwa mikono yake mwenyewe nilipohamisha magurudumu, kubwa likaenda kushoto, dogo kulia, na kwa hilo nilimsamehe lile tabasamu. Springi nilizibadilisha Sylvère akiwa tayari na filimbi mdomoni. Bolti ya mwisho niliikaza injini ikiwa inawaka.

Wakaondoka. Vumbi likapanda, sikuona mtu. Raundi ya kwanza Valéry alitokeza wa mwisho. Raundi ya pili wa mwisho tena, lakini nilimwona kwenye kona ya kaskazini, chini ya pua za askari. Aliingia polepole, akaegemeza paja kwenye ule mkongojo mara moja, mara mbili, kama mtu anayejaribu kiti kabla ya kukaa. Kiti kikamkubali. Raundi ya tatu hakuingia polepole.

Mwili wake wote ukahamia kulia, kiwiko karibu kiguse udongo, paja la kushoto limeng'ang'ania, na kwadi ikateleza pembeni, magurudumu yote manne chini, udongo ukiruka ukutani mwa magunia ya mchanga. Zile kwadi ndefu za ufukweni zilikuwa zinanyanyua magurudumu kwenye kila kona, wenyewe wanashika breki na kusali. Yetu ilikuwa imelala chini, haina cha kunyanyua. Akampita mmoja kwa nje. Akampita wa pili kwa nje. Wa tatu alipomsikia anakuja alishtuka, akapanda kwenye nyasi kwa wachoma mishikaki, akala vumbi na moshi.

"Valéry!" mtu mmoja akapiga kelele, mzee aliyemkumbuka wa zamani. Halafu uwanja mzima. Kwaya ikashika ngoma. Ajida yule alipanda juu ya magunia yake ya mchanga apate kuona, na askari wake wakapanda pia, bunduki kubwa ikabaki peke yake.

Wa nne, Valéry alimpita raundi ya nane. Akabaki Loïc, na Loïc alikuwa na injini kubwa kuliko yetu. Kwenye mstari mnyoofu alituacha, kwenye kona tulimrudia. Alituacha, tulimrudia. Nilikuwa nakimbia kando ya uwanja bila viatu, sijui viatu nilivivua saa ngapi, nikipiga kelele maneno ambayo mke wa mtu hapaswi kuyajua. Kona ya mwisho kabisa Loïc aliingia kwa kasi mno, magurudumu ya ndani yakapaa, akafunga breki ili asipinduke. Valéry hakufunga chochote. Alipita kati yake na ukingo wa uwanja, kwenye nafasi ambayo mimi nisingepitisha hata toroli, amelalia paja lake, na akatoka mbele. Mpaka kwenye mstari Loïc hakumfikia tena.

Kelele ile sijawahi kuisikia Kanyosha, wala mizinga haikuwahi kulia hivyo. Wanawake walipiga vigelegele. Askari walirusha kofia. Watu walimkimbilia Valéry wambebe, naye akawapita wote, akaja mpaka nilipo, akazima injini, akavua kofia ngumu. Uso ulikuwa udongo mtupu, macho mekundu tu.

"Mama Dévote! Iyi pneu, iyi tairi ya kushoto, uliweka pumzi ngapi?"

"Vile inafaa," nikasema.

"Inafaa nani? Ni nyingi! Inaruka mu virage yote kama mbuzi! Ku Mutanga minaona inaruka, nikajua ni pumzi!"

"Uliona? Na haukusema kitu?"

"Sasa minasema! Na mnyororo pia. Umeikaza mno. Tangu nikujue unakaza mnyororo mno!"

Nilikaa chini kwenye udongo wa Kanyosha, mbele ya kwaya na jeshi na watu wote, nikalia kwa sauti kama mtoto, na huku nalia nikawa namjibu. Nikamwambia mnyororo uko sawasawa na ungelegea kidogo tu ungemruka raundi ya kwanza. Akasema uongo. Nikamwambia yeye ndiye mwongo, na maharage ya miaka minne alikula yakiwa na chumvi ya kuua ng'ombe na akasema ni sawa. Akasema yalikuwa mabaya sana, alikuwa anayameza tu, na ile rangi ya sebule ni aibu mbele ya Mungu. Nilifurahi mpaka kifua kikauma.

Sylvère alikuwa amefika zamani, amesimama pembeni na kikombe cha shaba mkononi, filimbi shingoni, hajui amkabidhi nani. Alikohoa. Akakohoa tena.

"Ngoja kidogo, Sylvère," Valéry akamwambia bila kugeuka. "Atujamaliza."